Mtoto Anapouliza kwa Dhati
Mhadhara kwa wazazi na walimu wa Rwezamenyo, Kigali

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Salamu zote tatu zina wenyewe humu ndani, na hapo ndipo ulipo uzito wa mada niliyopewa. Nimeombwa nizungumze juu ya mzee wa ndevu nyeupe na joho jekundu, ambaye wengine mnamwita Père Noël na wengine Baba Krismasi. Yule anayesemekana kupita usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba akiwaachia watoto zawadi. Mahali ambapo watu wote ni wa dini moja na kipato kimoja, mada hii ingekuwa nyepesi. Rwezamenyo si mahali pa namna hiyo. Humu kwetu, Kabuguru yote hadi kuelekea Nyakabanda na Biryogo, ua mmoja unaweza kuwa na familia inayotoka misa ya usiku, jirani anayeamkia swala ya alfajiri, na mpangaji Msabato ambaye sikukuu yake ni kila Jumamosi. Watu wazima wanaheshimiana na kila mmoja anashika lake. Watoto je? Wao wanacheza mpira mmoja, na habari ya nyumba moja inafika nyumba zote kabla jua halijatua.

Kwa hiyo kila Desemba yanaulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa na mtoto aliyepata zawadi: "Mama, Baba Krismasi yupo kweli?" La pili huulizwa na mtoto ambaye hakupata: "Mbona kwetu haji?" Vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili vimeshughulika sana na swali la kwanza. Nitalijibu, kwa sababu linastahili jibu. Lakini swali la pili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Tuanze na mzee mwenyewe. Nyuma yake yupo askofu Nikolao wa Myra, mji wa pwani ya kusini ya nchi tunayoiita leo Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Mifupa yake mingi ilichukuliwa na mabaharia mwaka 1087 ikapelekwa Bari, Italia, na iko huko hadi leo. Hadithi inayosimuliwa zaidi juu yake ni ya baba aliyefilisika, mwenye mabinti watatu. Katika desturi yao mali ya ndoa ilitoka upande wa binti, na baba huyu hakuwa nayo, hivyo mabinti walikuwa karibu kuuzwa. Nikolao alipita usiku, akatupia kifuko cha dhahabu dirishani, kisha akarudi usiku mwingine, na mwingine tena, hadi mabinti wote wakawa na cha kuolewa nacho.

Naomba tulitazame jambo moja katika hadithi hii: kwa nini usiku? Nikolao hakuwa akimficha mtu yeyote ukweli. Alikuwa akimstahi baba yule. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye nafasi yake hataki kuonekana akipokea, na mtoaji mwenye adabu anajiondoa mbele ya macho yake. Waislamu mliomo humu mnaijua Hadithi ya sadaka ambayo mkono wa kushoto haukujua kilichotolewa na wa kulia. Wakristo mnalijua fundisho la namna hiyo hiyo katika Injili ya Mathayo. Ni maadili yaleyale. Mtoaji anajificha ili mpokeaji abaki na heshima yake. Tena Nikolao hakuuliza kwanza kama wale mabinti walikuwa na tabia njema. Aliona shida, akatoa.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. Katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji, Nikolao aliendelea kuwatembelea watoto kila usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, lakini akapewa mwenzake. Kwa Waholanzi, kitabu cha mwalimu Jan Schenkman cha mwaka 1850 kilieneza picha ya mtumishi mweusi anayefuatana na askofu. Kwa wanaosema Kifaransa yupo Père Fouettard, yaani mzee wa kiboko. Askofu anagawa zawadi, mwenzake anabeba bakora na gunia la kuwatia watoto watukutu. Ubelgiji ndiyo iliyotawala nchi yetu tangu 1916 hadi uhuru wa 1962, na sihitaji kuwaeleza watu wa Kigali maana ya mzungu anayegawa peremende huku mweusi ameshika kiboko. Huko kwao wenyewe picha hiyo imezua mabishano makali katika miaka ya karibuni, na sehemu nyingi wameacha kuwapaka masizi usoni wanaomwigiza mtumishi huyo. Wamefanya vyema.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1821 kilichapishwa New York kitabu kidogo cha watoto ambamo mzee huyu anakuja akivutwa na kulungu wa nchi za baridi, na katika kitabu hicho hicho anaacha fimbo ili wazazi wawachape wasiotii. Mchoraji Thomas Nast alimchora tangu 1863 katika gazeti la Harper's Weekly, akamnenepesha, akampa sura tunayoijua. Watu hupenda kusema kwamba joho jekundu ni uvumbuzi wa Coca-Cola. Haikuwa hivyo; joho lilikuwepo kabla, na matangazo ya kampuni hiyo yaliyochorwa na Haddon Sundblom tangu 1931 yaliisambaza tu sura hiyo dunia nzima. Kinachonishughulisha zaidi ni wimbo maarufu uliotoka Marekani mwaka 1934, ule wa mzee mwenye orodha ya watoto wema na watoto wabaya, unaopigwa bado katika maduka ya mji wetu kila Desemba. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mamilioni ya baba walikuwa hawana kazi. Katika mwaka kama huo watoto wa Marekani wakaimbishwa kwamba zawadi huja kwa aliye mwema. Mtoto wa baba aliyefukuzwa kiwandani aliamka asubuhi akakuta hamna kitu. Alihesabu vipi?

Alihesabu kama mtoto wa Rwezamenyo anavyohesabu leo. Mtoto wa miaka mitano hajui mishahara. Hajui kwamba baba wa jirani anafanya kazi benki na mama yake mwenyewe anauza ndizi na maparachichi kwenye beseni. Anajua alichoambiwa: mzee anakuja kwa wema. Mwenzake kapata baiskeli, yeye kapata soda na wali siku ya sikukuu, vitu ambavyo alivishukuru mpaka alipoiona baiskeli. Hitimisho liko wazi kwake, na halimtaji mzazi wala uchumi wa nchi. Linamtaja yeye. Kanuni iliyotungwa ili kumtuliza mtoto wa mwenye nacho imemhukumu mtoto wa asiye nacho kwa kosa ambalo hakulitenda. Nikolao alitoa usiku ili maskini asiaibike. Sisi tumelitumia jina lake kumwaibisha mtoto wa maskini mbele ya nafsi yake.

Nitarudi hapo. Kwanza nijibu lile swali jingine, la mtoto anayeuliza kama mzee yupo, maana wapo wanaosema dawa ni kumfuta kabisa. Wanasema ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi.

Wapo waliojaribu kumfuta. Jumapili ya tarehe 23 Desemba 1951, huko Dijon, Ufaransa, sanamu ya Père Noël ilitundikwa kwenye vyuma vya uzio wa kanisa kuu la Saint-Bénigne, kisha ikachomwa moto uwanjani mbele ya mamia ya watoto. Mapadre waliokubaliana na tendo hilo walimshtaki kwa kuipora Noeli, kuifanya sikukuu ya kipagani. Meya wa mji, ambaye naye alikuwa padre, Félix Kir, hakutaka kuegemea upande wowote. Kesho yake jioni mzee akaonekana yu hai juu ya paa la jumba la manispaa, amemulikwa kwa taa. Ufaransa nzima ilibishana.

Mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss aliliandikia jambo hilo makala ndefu iliyotoka Machi 1952. Hakuuliza kama mzee yupo. Aliuliza kwa nini watu wazima, ambao wao wenyewe hawaamini, wanajisumbua hivyo ili watoto waamini. Akaenda kutafuta jibu mbali, kwa Wapueblo wa kusini-magharibi ya Marekani, ambao watu wazima wao huvaa vinyago vya mizimu waitwao katsina na kuwatembelea watoto, wakiwapa zawadi au wakiwaonya. Watoto hawaambiwi kwamba chini ya kinyago yumo mjomba. Siku ya kuambiwa ikifika, mtoto anavuka. Lévi-Strauss alisema jamii yoyote yenye siri ya namna hii imegawanyika pande mbili, wanaojua na wasiojua, na Baba Krismasi ndiye mpaka kati ya pande hizo huko Ulaya ya leo.

Nilipoisoma makala hiyo nilijiuliza kwa nini alikwenda mbali hivyo. Angeweza kuja hapa. Wazee wetu walikuwa na ibada ya kubandwa. Ryangombe, yule mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati, aliabudiwa katika nyua za Rwanda nzima, karibu na mti wa umuko wenye maua mekundu. Siku ya ibada watu waliojulikana na kila mtu, jirani, shangazi, walijipaka udongo mweupe, wakabadili sauti, wakawa imandwa, yaani roho za wafuasi wa Ryangombe. Asiyeingizwa katika ibada hiyo aliitwa inzigo, naye hakuambiwa kinachotendeka. Aliyeingizwa aliapa kutotoa siri, na kuanzia hapo yeye mwenyewe angeweza kuwa sauti ile iliyomtetemesha jana. Baada ya kifo, ilisemwa, walioingizwa wataishi na Ryangombe juu ya Karisimbi, na wasioingizwa watatupwa katika moto wa Nyiragongo. Wamisionari waliofika Save mwaka 1900 walipambana sana na ibada hiyo, na sijasimama hapa kuirudisha. Nasema tu kwamba elimu ya jinsi ya kumvusha mtu kutoka upande wa asiyejua hadi upande wa anayejua ilikuwepo katika vilima hivi kabla ya mti wa Noeli.

Na ndugu zetu wa pwani, ambao wajukuu zao wengi wako Biryogo na Nyamirambo, wana jando na unyago. Kijana akiwa kumbini anafundishwa na kungwi wake mambo ambayo hadi jana alidanganywa juu yake waziwazi. Hakuna kijana anayetoka kumbini akimshtaki babu yake kwa uongo. Kwa nini? Kwa sababu hakuambiwa ukweli akaachwa peke yake nao. Aliambiwa akiwa katikati ya watu, akapewa nguo mpya na daraja jipya, na pamoja na siri akapewa kazi ya kuilinda kwa ajili ya wadogo zake.

Hapo ndipo ninapoona tumepungukiwa. Tumempokea mzee wa joho jekundu kutoka Ulaya, tumeuchukua upande wa kuamini, lakini hatuna kumbi ya kutokea. Mtoto wetu hugundua kwa kuchungulia chini ya kitanda cha wazazi, au huambiwa shuleni na mkubwa anayemcheka. Mzazi akiulizwa anababaika, anageuza maneno, au anacheka naye pia.

Na mtoto, nawaambieni, ana akili ya kutosha kuvuka. Saikolojia ya miaka ya karibuni imetufundisha tusimdharau. Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walibuni kiumbe ambaye hakuwahi kusikika, mchawi mwema wa peremende, anayekuja usiku na kubadilisha peremende za mtoto kwa kitu cha kuchezea. Watoto ambao wazazi walishirikiana na watafiti, wakaamka wakaikuta zawadi, walimwamini kuliko wale ambao hawakutembelewa. Yaani mtoto anapima ushahidi. Tunapomwambia juu ya mzee wa usiku, kisha asubuhi kuna zawadi, kisha jirani anasema vivyo hivyo na shule inasema vivyo hivyo, kuamini ndiyo kutumia akili. Vijidudu vya ugonjwa navyo hajaviona. Anaosha mikono kwa sababu amewasikia watu anaowaamini.

Ushahidi ukianza kupungua, mtoto yuleyule anageuza shauri. Kwa nini mwandiko wa mzee unafanana na wa mama? Anaingiaje nasi tumefunga geti? Mwaka 1994 Carl Anderson na Norman Prentice, nao wa Texas, walitoa matokeo ya mazungumzo na watoto 52 walioacha kuamini. Wengi waligundua wenyewe, wakiwa na kama miaka saba, na walipoulizwa walivyojisikia, hisia njema zilizidi mbaya. Waliohuzunika hasa ni wazazi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mzazi anahuzunika kwa sababu utoto wa mwanawe umepiga hatua ya kuondoka, na badala ya kuikubali huzuni hiyo kama yake, anajaribu kumrudisha mtoto nyuma kwa kumwongezea hadithi. Hiyo si haki.

Shauri langu basi ni hili. Hadithi isimuliwe kama hadithi zetu nyingine zinavyosimuliwa, kwa furaha, bila kuongezewa mashahidi wa bandia. Mtoto akiuliza kwa mchezo, mchezeni. Akiuliza kwa dhati, na mzazi yeyote anaijua ile sauti na yale macho, aambiwe ukweli siku hiyo hiyo, kabla hajalala. Asiambiwe "utajua ukikua." Amekua; ndiyo maana ameuliza. Kisha avushwe. Mama amwambie: ni sisi tuliokuwa tukiweka zawadi, na tangu leo wewe uko pamoja nasi. Mwaka huu utamchagulia mdogo wako. Utaificha wewe. Utaamka mapema kumtazama anavyofungua, na hutasema neno. Mtoto aliyepewa kazi hiyo hatakuwa na muda wa kujiona amedanganywa.

Hapa naomba nitaje jambo zito, kwa sauti ya chini. Katika nchi hii, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kulikuwa na nyumba nyingi zilizoongozwa na watoto. Binti wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, alikuwa mama wa wadogo zake. Wengi wa kizazi hicho ni wazazi leo, na huenda baadhi wamo humu ndani. Wao walifika upande wa watoaji bila mtu kuwashika mkono, na wengine hawakumbuki kama waliwahi kukaa vizuri upande wa wapokeaji. Nimemsikia mama wa namna hiyo akisema Krismasi ya watoto inamchosha, hajui inavyofanywa, anaona kama anaigiza. Kwake sina shauri la kumpa juu ya mzee wa joho jekundu. Nasema tu kwamba alichofanya akiwa na miaka kumi na miwili, kugawa kiazi kimoja usiku na kusema yeye ameshakula, ndicho alichofanya Nikolao dirishani.

Sasa turudi kwa mtoto wa swali la pili.

Kwa wazazi mlio na uwezo: ondoeni sharti. Msiseme mzee anakuja kwa watoto wema. Mnataka mtoto atii, mtiisheni kwa njia nyingine, njia zipo. Maneno yenu hayaishii ndani ya geti lenu. Mtoto wenu atayatoa uwanjani, na huko yatamkuta asiye na kitu. Zawadi kubwa, kama lazima iwepo, itoke mkononi mwa baba au mama, waziwazi, ili ijulikane ni jasho la mtu na si hukumu ya mbinguni. Mzee wa usiku aachiwe vitu vidogo ambavyo kila nyumba inaweza: peremende, kalamu za rangi, daftari la Januari. Mtoto wa jirani akiona daftari hatalala akijiuliza amekosa nini.

Kwa walimu: msiwaombe watoto wasimame darasani mmoja mmoja kueleza walicholetewa. Shule hufunguliwa Januari na swali hilo hutoka kwa nia njema. Badilini swali. Waulizeni walimpa nani nini. Hilo hata mtoto aliyemwazima mwenzake kiatu cha kwendea misa ana jibu lake.

Kwa wazazi Waislamu, ambao mara nyingi mmeniuliza mmjibu nini mtoto anaposema mzee hapiti kwetu: kwanza mwambieni kweli, kwamba hiyo ni sikukuu ya jirani na mzee ni hadithi ya jirani. Lakini mfundisheni pia adabu ya hadithi ya watu. Asiende kuivunja kwa mtoto wa miaka minne aliye upande wa pili wa ukuta, kama vile mtoto wa Kikristo mkubwa anavyofundishwa asile muhogo mbele ya wenzake wanaojaribu kufunga Ramadhani kwa mara ya kwanza. Kisha mkumbusheni mkono wa Idi. Ile sarafu haikuwahi kuwa na mzee wa usiku. Aliitoa mjomba mbele ya watu wote, mtoto akabusu mkono, akakimbilia dukani. Katika jambo hili ninyi mmetutangulia: watoto wenu wanajua tangu mwanzo zawadi inatoka mkononi mwa nani, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba amekosa mkono wa Idi kwa sababu ya tabia yake. Ningefurahi familia za Kikristo zije kuwauliza mnavyofanya.

Na kwa yule mama mwenye beseni, ambaye mtoto wake ameshauliza, amekaa anasubiri jibu na zawadi haipo: usimwambie mzee amepotea njia, wala kwamba atakuja mwakani. Mkalishe karibu. Mwambie zawadi hununuliwa na wazazi, kwamba mwaka huu hela imekwenda kwenye kodi ya nyumba na bima ya afya, na kwamba hakuna mtu yeyote, mbinguni wala duniani, aliyemhesabu yeye kuwa mtoto mbaya. Sentensi hiyo ya mwisho uirudie. Halafu mpe beseni akusaidie kubeba.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa akina mama waanze.